Deni la Sifuri, Kibirizi

"Wanangu, huyu bwana kanilipa lini? Mbona hela sijaiona?"

Mama muuza dagaa alitugeuzia simu yake. Mnunuzi wake mmoja alikuwa anadaiwa zaidi ya laki tatu, na kwenye skrini deni lilisomeka sifuri. Ilikuwa 2018, soko la Kibirizi, hapa Kigoma, tumesimama kati ya magunia ya dagaa. Programu ile ya wavuti, ya kuandika mizigo na madeni, tuliitengeneza mimi na mwenzangu, na ukurasa ule tulikuwa tumeupandisha usiku uliotangulia. Nashukuru mpaka leo kwamba daftari lake alikuwa hajalitupa.

Kosa niliona baada ya dakika kumi, laptopu ikiwa juu ya gunia. Faili ya kukokotoa niliandika mimi, nikaita jumla ya deni $jumla_deni. Ukurasa wa kuonyesha aliandika mwenzangu, akaita $jumlaDeni. Kwa PHP, lugha tuliyoandikia programu, hayo ni majina ya vitu viwili. Tena PHP ikikuta jina ambalo halijapewa thamani haisimami: inatoa onyo dogo, inalihesabu kuwa tupu, inaendelea na safari. Maonyo yenyewe tulikuwa tumeyazima kwenye seva, kompyuta inayoendesha programu.

Nikarekebisha neno moja, deni likarudi. Lakini jioni, tukiwa chumbani Mwanga, nilifungua faili zote nikaogopa. Deni lilikuwa na majina manne. Jedwali moja tuliliita "Wateja" huku na "wateja" kule; laptopu zetu za Windows zilikubali yote mawili, ila seva ya Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Nilikuwa nimeshika hela ya mtu kwa mikono michafu, ndivyo nilivyojiona.

Mbalamwezi ilikuwa imekomaa. Siku hizo mitumbwi haitoki, maana taa haziwavuti dagaa ziwa likiwa jeupe, na soko hupoa. Tukapata siku chache za kazi.

Ya kwanza iliishia kwenye ubishi. Yeye anapenda herufi kubwa katikati ya jina, mimi napenda mstari wa chini. Tukakimbilia PSR-1, mwongozo wa waandishi wa PHP wa 2012, utuamulie. Kumbe kwenye majina ya sifa za klasi, yaani vigezo vilivyo ndani ya mafungu ya msimbo, umekataa kwa makusudi kuchagua; unachopendekeza ni kwamba mtindo wowote mtakaoushika, muushike vilevile ndani ya eneo lenye mantiki. Tukaamua kwa kuangalia hifadhidata: safu zake tayari zilikuwa na mstari wa chini, basi jina litoke kwenye jedwali mpaka kwenye skrini bila kubadilika. Mwenzangu alikubali bila kununa, na hilo sijalisahau. Kubadili majina tukakuhifadhi peke yake kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, na kurekebisha hesabu peke yake, ili kosa jipya lisijifiche ndani ya mabadiliko mia ya majina.

Giza liliporudi na mitumbwi ikatoka, tulimpelekea mama. Alipitisha kidole kwenye daftari, mstari kwa mstari, akilinganisha na simu. Hesabu zote zilikubaliana. Kisha akarudi ukurasa mmoja nyuma, akakunja uso.

"Hapa mmeandika mteja, hapa mnunuzi. Ni watu wawili?"

"Hapana, mama. Ni mmoja."

"Mimi namwita mteja."

Mwenzangu alikuwa ameshafungua laptopu.