Ndoo ya uchuro

Mama yangu anaiita ndoo ya uchuro. Kila nikiishusha juu ya kabati kuikagua, anageuza uso: "Umeanza kutuchulia."

Ni ndoo ya rangi ya lita 20, mfuniko wake unabana. Ndani mna vyeti nilivyovipiga laminesheni, tochi, betri, dawa za presha za mama za wiki mbili, ya pumu ya mwanangu, na shilingi 50,000 za noti ndogondogo, maana siku ya maji hakuna mwenye chenji.

Tunakaa Kigogo, bondeni. Desemba 2011, Dar ilipopata mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana tangu 1954, tulitoka na nguo za mwilini tu. Maji yalipopungua nikakuta cheti changu cha kidato cha nne kimegandana na cha kuzaliwa. Nikavibandua polepole kwa kucha. Jina langu lilikuwa limejichapa kinyumenyume kwenye karatasi ya pili. Wiki iliyofuata nilikuwa na usaili wa kazi. Sikwenda.

Watu husema wasiojiandaa ni wavivu. Si kweli, na maneno hayo yananiudhi. Mama anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi. Yeye anaamini ukilitaja baya umeliita. Na majirani vilevile: waulize usiku tukikimbia tutakutana wapi, jibu ni "Mungu atatuepusha", mazungumzo yameisha.

Lakini mama huyohuyo ana sanda yake sandukuni, ameikunja na kafuri. Aliinunua upya baada ya ile ya kwanza kwenda na maji. Nikamuuliza, hiyo mbona si uchuro? Hakusita. "Kifo ni haki. Mafuriko si haki."

Nililala na jibu hilo. Kwa aliyejenga juu ni jibu zuri. Ila mto Msimbazi, unaopita bondeni kwetu, unaanzia vilima vya Pugu; mvua ikipiga huko, maji yanatufikia hata kama kwetu halijadondoka tone. Kwa sisi wa bondeni maji nayo ni ahadi, na mimi nimeyawekea ndoo kama yeye alivyoiwekea sanda siku yake.

Sijamshinda. Jumamosi nilikuwa nabadilisha betri, yeye yuko mlangoni anachambua mchele. Nikamwomba niiweke na sanda humo, isije ikaenda kama ile ya kwanza.

"Iache. Ina mahali pake."

Akachambua kidogo, kisha akauliza dawa zake zinaisha muda lini.