Saa 3:10 usiku

Nimeitoa tena nakala ya faili la shangazi. Kurasa kumi na moja, nami huishia ya nne. Muuguzi ameandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: "Saa 3:10 usiku. Mguu wa kushoto unauma, umevimba." Chini yake peupe. Ingizo linalofuata ni la saa 11 alfajiri, shangazi alipoamka kwenda msalani, akasema pumzi hazimtoshi, akaanguka. Ilikuwa siku ya tano tangu apasuliwe nyonga.

Uchunguzi wa maiti ulikuta bonge la damu limeziba mshipa wa mapafu. Mabonge ya namna hii mara nyingi huanzia mguuni, na upasuaji wa nyonga ni miongoni mwa mambo yanayoyaleta sana. Ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Shangazi alipewa, nimeona sahihi za kila siku. Hata ukipewa, bonge linaweza kutokea.

Wiki ya kwanza nilitaka mtu afungwe, yeyote yule, ilimradi amevaa koti jeupe.

Halafu nikaanza kusoma. Huko Uingereza, tangu kesi ya Bolam ya 1957, daktari hahesabiwi mzembe akifanya kama ambavyo madaktari wenzake makini wangefanya. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji wakaongeza kwamba utaratibu wenyewe sharti uwe na mantiki. Hata uzembe ukionekana, bado uthibitishe kwamba ndio uliosababisha kifo. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Je, kama daktari angekuja saa tatu na nusu, akampima mguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, shangazi angepona? Sijui nani angeapa.

Yule daktari wa Michael Jackson, aliyehukumiwa 2011, hilo naliona jambo jingine kabisa. Kumpa mtu dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, nyumbani, bila mitambo ya kumwangalia, si bahati mbaya.

New Zealand wana mfuko wa fidia tangu 1974. Siku hizi aliyeumizwa na matibabu hulipwa bila kwanza kuthibitisha uzembe wa mtu. Ningeupokea mpango huo kwa mikono miwili, ingawa fedha haingejaza ile nafasi nyeupe.

Kwa hiyo msimamo wangu umehama. Kifo chenyewe simdai mtu. Ninachodai ni zile saa nane. Niliandika barua kuulizia, nikajibiwa mistari mitatu: poleni, tulijitahidi, kazi ya Mungu haina makosa. Mungu hakuwa zamu usiku ule, nilitaka kuwajibu, mama akanizuia.

Kesho naandika nyingine, fupi. Hakuna kumshtaki mtu, hakuna matusi. Baada ya saa 3:10, nani aliambiwa?