Hereni ya ng'ombe imenimalizia ubishi na shemeji

Mi ni fundi simu hapa Dodoma, kibanda changu kiko pembeni ya soko la Majengo, na kama kuna kitu nimechoka kuulizwa mwaka huu ni hii habari ya umeme wa hewani. Wiki tatu zilizopita shemeji yangu kaja kibandani anachekelea kama mkeka wake umetiki, kageuza simu, nyuma kuna stika ya rangi ya dhahabu, eti inavuna mawimbi ya minara na waifai halafu inachaji betri yenyewe, umeme ukikatika wewe huna habari. Kainunua mtandaoni 25,000. Nikamwambia shem, umepigwa. Akanuna, akasema mafundi hatuipendi kwa sababu itatukosesha hela ya kubadilisha sistimu chaji.

Ugumu wa kumwelewesha ni kwamba hajadanganywa yote. Mawimbi yanabeba nishati kweli, na ukiunga antena na daiodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, unapata umeme, wale wazee waliokuwa na redio za galena, zile za kutumia kipande cha madini, walisikiliza stesheni bila betri wala nini, nguvu ya kutikisa kile kispika cha sikioni ilitoka kwenye wimbi lenyewe. Shida ni kiasi. Mnara unamwaga nguvu pande zote, ukienda umbali mara mbili unapata robo, ukienda mara kumi unapata sehemu moja ya mia, mpaka ifike kwenye simu ya shemeji imebaki ya kuhesabia maikrowati, yaani wati moja uigawe vipande milioni. Nikachukua kikokotoo. Betri yake ni ya mAh 5000, hiyo ni kama wati-saa 19, nikamkadiria kwa huruma tu kwamba anavuna maikrowati 10 mchana na usiku, tena simu ikiwa imezimwa. Ikaja zaidi ya miaka 200! Angeanza kuchaji kabla hata mwanasayansi Michael Faraday hajafanya lile jaribio lake la kupata umeme kwa koili, yaani waya uliozungushwa, mwaka 1831, na leo ndo ingekuwa inakaribia kujaa.

Akaniletea habari za Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, na hapo nikajua jamaa ametoka yutyubu. Sawa, Tesla alianza kujenga mnara wake wa kurusha umeme bila waya kule Wardenclyffe, New York, mwaka 1901, tajiri J. P. Morgan akagoma kuongeza hela, mnara ukabomolewa 1917 na haujawahi kumwashia mtu taa nyumbani kwake. Walioweza ni wengine. Mwaka 1975 kule Goldstone, California, William Brown na wenzake walirusha umeme kwa mawimbi ya maikrowevu wakapokea zaidi ya kilowati 30 umbali wa kama kilomita moja na nusu, ila walitumia dishi la mita 26 lililoelekezwa sehemu moja, sasa shem dishi lako liko wapi? Na wale wa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2007 waliwasha balbu ya wati 60 kutoka mita mbili, koili zenyewe pana kama sinia la pilau, na bado uliofika ni kama asilimia 40 tu. Ndo maana hizi chaja za Qi zisizo na waya, za kuweka simu juu, zinataka simu ilale palepale, ukiwa na kava nene au ile sahani ya chuma ya kushikia simu kwenye gari inagoma, au simu inachemka mpaka unaogopa.

Hakuelewa. Au alielewa akakaza.

Jumapili nikaenda Chamwino kwa baba mdogo. Mbukwenyi, salamu zetu za Kigogo, zikaisha, tukakaa chini ya mti, akanitolea kopo la chumvi ndani yake kuna hereni ya ng'ombe, hizi za kielektroniki za kutambulia mifugo, dume lake lilinasa kwenye miiba likaichomoa, imepasuka. "Mwanangu, wewe ni fundi, hivi betri ya hii inaisha lini?" Nikamalizia kuipasua kwa kisu. Ndani kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele umezungushwa raundi nyingi, na kachipu kadogo kuliko punje ya mtama. Betri hakuna. Bwana mifugo akisogeza mashine yake inatoa mawimbi ya sumaku ya kilohezi 134.2, koili inainasa, kachipu kanaamka, kanataja namba yake, mashine ikiondoka kanazima. Akirudi nyuma hatua mbili tatu, kimya.

Baba mdogo kageuza ule waya juani, kaufikiria. "Kwa hiyo anayeiuliza ndo anailisha."

Aisee. Mi nimehangaika na kikokotoo wiki nzima, mzee kamaliza kwa sentensi moja.

Jumatatu nikamwekea shemeji ile koili kwenye meza, nikamrudia maneno ya baba mdogo, halafu nikachokonoa kona ya stika yake kwa ukucha. Foili kama ya ndani ya pakiti ya sigara, gundi, basi. Hata waya wa kugusa betri haina, sasa huo umeme ungeingilia wapi? Kaangalia muda mrefu, kampigia muuzaji, kablokiwa zamani.

Stika hajaibandua lakini. Anasema inaficha ufa wa kioo cha nyuma.