Kisu cha "1870" Kilichoandikwa Germany

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza kukusanya visu vya zamani vya kukunja ulikuwa huu: "Kipige msasa mpaka kiwake, ndipo utajua umenunua nini." Aliyenipa ni mtu mzima, ana visu vingi kuliko mimi, nikamwamini. Nikashinda na msasa kutwa nzima. Kisu kikawaka kweli, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Tatizo ni kwamba chapa nayo ilikuwa imeondoka na kutu.

Chapa hukaa pale bapa linapoingia kwenye mpini, kwenye kile kipande kifupi kisicho na makali. Jina la mtengenezaji, mji, pengine nchi, vyote viko hapo. Mimi nilibaki na nusu nyota na kitu kama ncha za msalaba. Nilichoponea ni kwamba nyota na msalaba wa Malta ni alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza, kwa hiyo hata makombo yake yanatambulika. (Rodgers yenye "d". Ukiona Rogers, tuliza moyo kwanza, waigaji walikuwa wengi.) Lakini kwa mkusanyaji kisu kile kilishakufa mikononi mwangu. Ule weusi wa kijivu wa chuma cha kaboni niliouona uchafu ndio wanunuzi wanaoutafuta. Sasa hivi ni kitambaa na mafuta mepesi tu. Kutu nyekundu iliyovimba naikwangua kwa ukingo wa kipande cha shaba, maana shaba ni laini, haikwaruzi chuma.

Chapa iliyofifia nayo ina dawa yake, na hii niligundua mwenyewe, msininyang'anye. Paka unga wa chaki, futa juu juu kwa kidole, kisha zima taa na ulaze tochi ubavuni mwa kisu. Herufi zinajitokeza. Nimewahi kusoma neno zima mahali ambapo wenzangu watatu waliapa hakuna kitu.

Neno lenyewe lilikuwa Germany, na muuzaji alikuwa ameniapia kisu ni cha 1870. Nikamwuliza, "Sasa ndugu yangu, hii nchi imeandikwa kwa sababu gani?" Akasema Wajerumani wanajivunia kwao. Hapana. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru, ile ya McKinley, iliyotaka bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka. Kisu chenye jina la nchi kwenye chapa kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Ila usiligeuze ukadhani kisicho na nchi lazima kiwe cha kale zaidi. Visu ambavyo havikuwa vinakwenda Marekani sheria hiyo haikuvihusu. Na kama bapa ni la chuma kisichoshika kutu, hadithi za babu wa babu zisahau kabisa: Harry Brearley alikitengeneza chuma hicho Sheffield mwaka 1913.

Tuje kwenye mipini, ambako karibu niunguze nyumba. Niliambiwa hivi: pasha sindano moto mpaka iwe nyekundu, gusa pembeni pasipoonekana. Ikizama ni plastiki, isipozama ni mfupa. Rahisi! Nilikuwa na kisu kidogo, mpini wake wa rangi ya asali yenye mawingu mawingu, kizuri hata kukishika naona haya. Nikapasha sindano, nikagusa. Sikupata hata nafasi ya kuona kama imezama. Mpini ulilipuka moto kama kichwa cha kiberiti, mimi nikapiga yowe ambalo jirani alikuja kuliulizia, kisu kikaenda kwenye ndoo ya maji na nyusi zangu zikabaki nusu. Ilikuwa seluloidi, plastiki ya zamani inayoshika moto upesi. Mshauri wangu hakuwahi kuitaja.

Seluloidi huijui kwa sindano, unaijua kwa pua. Sugua mpini kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha nusa. Ukisikia karafumaiti, ndiyo yenyewe, kwa kuwa imo katika matengenezo yake. Na usiilaze pamoja na visu vingine. Ikianza kuoza inatoa hewa inayokula chuma. Niliacha kimoja ndani ya boksi na wenzake watano, nilipofungua miezi baadaye wote walikuwa na kutu, na waliokaa karibu naye ndio walioumia zaidi. Mfupa hauhitaji majaribio hayo: ukiuweka chini ya lenzi unaona vitundu vidogo vyeusi, ilikopita mishipa ya damu.

Nimalizie na aibu yangu kubwa. Nilipata kisu cha Case, kampuni ya Marekani, chapa "Case XX" bila U.S.A., maana yake ni cha kati ya 1940 na 1964. Waliongeza U.S.A. mwaka 1965, na 1970 wakaanza kuweka nukta kumi kwenye chapa na kupunguza moja kila mwaka. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, nikajiona profesa. Nililipa kiasi ambacho sitakitaja, mwenye nyumba wangu huenda anasoma. Nyumbani ndipo nikatumia macho: bapa limenolewa miaka na miaka mpaka limebaki nusu ya upana, lakini herufi zina kingo kali kama zimegongwa jana. Pembeni mwake mikwaruzo mipya ya jiwe la mashine. Mtu alisaga chapa ya zamani, akagonga yake.

Nilikirudisha kwa muuzaji, hakunitambua. Basi nafungulia nacho maboksi ya visu vingine, na kusema kweli hakuna kinachokata vizuri kama hicho.