Mto mmoja, nchi tatu: nilivyowafikisha wanafunzi kwenye mkataba

Nafundisha jiografia, na mada ya mito inayovuka mipaka ilikuwa imeanza kunichosha. Wanafunzi hukariri kwamba nchi ya juu huzuia maji na ya chini hulalamika, wanaandika hivyo kwenye mtihani, basi. Nikaona heri wavutane wenyewe. Nikachora mto wa kubuni unaopita nchi tatu: ya juu ina milima na mvua nyingi lakini haina umeme, hivyo inataka kujenga bwawa; ya kati ina mashamba makubwa ya umwagiliaji na bwawa lake; ya chini ni jangwa ambalo uhai wake wote unategemea mto huo. Nikawagawa wanafunzi makundi matatu, kila moja nchi yake, na kila kundi likapewa karatasi ya siri yenye mahitaji yake.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa nao hawakukawia. Niliwapa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya pamoja, ulioanza kutumika 2014. Kundi la juu likang'ang'ania kanuni ya matumizi ya haki kwa kila nchi. Kundi la chini likang'ang'ania ile ya kutomletea jirani madhara makubwa. Mkataba ni ule ule, na kila upande uliusoma kama wakili wake.

Kisha wa chini wakataka mgawo uandikwe kwa mita za ujazo, kama walivyofanya Misri na Sudan kwa mto Nile mwaka 1959: bilioni 55.5 kwa mwaka kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Msemaji wa kundi la juu, binti mpole kwa kawaida, akauliza, "Na Ethiopia iliandikiwa ngapi?" Haikuandikiwa kitu, wala haikuwa mezani, ingawa sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri huanzia kwake. Hapo mazungumzo yakakwama kabisa, maana ukigawa maji kwa namna hiyo, lita anayoongezewa mmoja ni lita aliyonyang'anywa mwingine.

Kilichotukwamua ni karatasi nyingine. Nilizikusanya zile za siri, nikagawa jedwali lenye mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi, nikawaambia: msiniandikie mnadai kiasi gani kwa mwaka, niandikieni mnataka maji yapite kiasi gani mwezi huu na mwezi ule. Wa juu wakajaza kiasi kinacholingana mwaka mzima, kwa sababu mitambo ya umeme huzungushwa na maji yanayopita, si yaliyotuama. Wa chini wakajaza kiasi kikubwa miezi ya kiangazi. Mto wenyewe, kwa takwimu nilizowapa, ulimwaga karibu maji yake yote kwa miezi mitatu ya masika. Kijana mmoja wa kundi la chini aliziweka karatasi mbili, yao na ya wa juu, moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani mwanga upenye, akafuatisha mistari kwa kidole. "Mwalimu, bwawa lao linatutunzia maji ya kiangazi!"

Ugomvi ukabaki kwenye mambo mawili tu: miaka ya kujaza bwawa na miaka ya ukame. Huko ndiko hata wakubwa hukwama. Ethiopia, Sudan na Misri zilitia saini tamko la kanuni mjini Khartoum Machi 2015, lakini bwawa la Ethiopia lilianza kujazwa 2020 na kuzinduliwa Septemba 2025 bila makubaliano yenye nguvu ya kisheria juu ya kulijaza na kuliendesha.

Nikawapa mifano miwili ya waliofika mbali zaidi. Kwenye mto Columbia, Kanada ilijenga mabwawa upande wake, na Marekani ikailipa kwa kukingwa na mafuriko, pamoja na nusu ya faida ya umeme ulioongezeka kwenye mitambo ya chini. Wa pili waliupenda zaidi: mto Senegal. Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la pamoja mwaka 1972, na bwawa la Manantali, ingawa liko ndani ya Mali, ni mali ya nchi zote tatu. Umeme wake hugawanywa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegal na 15 kwa Mauritania. Nchi ya chini inapomiliki sehemu ya bwawa la juu, haina tena sababu ya kuliombea mabaya.

Kuhusu ukame, nilidhani watabishania kiwango cha maji. Wakabishania nani atasoma kipimo. Kundi la kati, lililokuwa kimya muda mrefu, ndilo lililosimama kidete: bwawa letu liko karibu chini ya lenu, mkifungulia maji usiku bila taarifa tunazama sisi kwanza. Kwa hiyo kipengele cha kwanza walichokubaliana wote hakikuhusu mgawo hata kidogo. Kilisema vipimo vitasomwa kila siku na wataalamu wa nchi zote tatu, na takwimu zitumwe kwa wote kwa wakati mmoja. Baada ya hapo kiwango cha kuanzia hatua za ukame hakikuwachukua muda. Mto Mekong ulitusaidia hapa: China, iliyo juu, ilianza kuwapa wa chini takwimu za msimu wa mafuriko mwaka 2002, na za mwaka mzima zikaja 2020.

Walitia saini, wakapigiana makofi. Mwanafunzi mmoja akatia doa, na nilifurahi alivyofanya hivyo. Alisoma kwamba baada ya bwawa la Diama kuzuia maji ya chumvi karibu na mdomo wa mto Senegal, kichocho kilienea vibaya kwenye bonde hilo, na kwamba wakulima waliopanda kwa kufuata mafuriko yanapopungua walipoteza desturi yao. Akauliza hao walikaa kundi gani. Safari ijayo wana meza yao: kundi la nne la wavuvi na wakulima wa kingo za mto kutoka nchi zote tatu, nao watakuwa na jedwali lao la miezi kumi na miwili.