Kumngoja Phil kwenye Baridi ya Punxsutawney

Mwanzo wa Februari vyumba vya Punxsutawney huisha mapema, na vinavyosalia havishikiki kwa bei. Nililala kwenye moteli ya mji wa jirani, kitanda kinalia, hita inanguruma, nikalipa pesa ambazo Mombasa zingenitosha wikendi nzima ufukweni, chakula juu. Na usingizi wenyewe haukuwapo. Saa tisa usiku nilikuwa kwenye foleni ya basi la kupanda kilima cha Gobbler's Knob.

Mji huu wa magharibi mwa Pennsylvania, Marekani, wenye watu kama elfu sita hivi, umepata jina kwa mnyama mmoja: Phil, wa jamii ya kindi ila mnene, mchimba mashimo. Wahamiaji wa Kijerumani walikuja na imani zao za 2 Februari, na tangu 1887 watu hupanda kilimani kumngoja. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea wiki sita. Asipokiona, majira ya kuchipua yanakaribia.

Baridi ile sitaisamehe. Vidole vya miguu niliviaga mapema, simu ikazima yenyewe, na jukwaani watu wanacheza muziki kana kwamba ni Desemba Malindi. Bibi mmoja aliyesimama kando yangu alinihurumia, akanipa vifuko vya joto vya kutia kwenye glavu, kisha akanieleza kwamba Phil ni yuleyule tangu karne ya 19. Kila kiangazi hunyweshwa dawa inayomwongezea miaka saba. Nilimtazama usoni nione kama ananitania, wapi! Nikauliza, na mkewe Phyllis naye hunywa? Hapana, akasema, Phyllis hapewi. Nilicheka hadi kifua kikauma, yeye hata tabasamu hakutoa.

Kulipopambazuka, wanaume wa klabu inayomtunza Phil, wenye kofia ndefu nyeusi na suti za sherehe, wakabisha hodi kwenye kisiki, wakamtoa Phil. Rais wa klabu akainama kumsikiliza, kisha ikachaguliwa moja ya karatasi mbili zilizokwisha kuandikwa. Mawingu yalikuwa yamefunga mbingu yote, hata mimi sikuwa na kivuli. Karatasi ikasomwa: Phil kaona kivuli! Umati ukazomea kwa raha zao, ukaanza kutawanyika kutafuta kahawa.

Kwetu Emuhaya, watabiri wa mvua wa ukoo wa Nganyi husoma miti, wadudu na ndege, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imewahi kukaa nao kulinganisha utabiri. Neno lao likienda kombo, kuna mtu amepoteza mbegu. Phil, kwa hesabu za wataalamu wa serikali yao wenyewe, hukosea mara nyingi kuliko kupatia, na mwaka unaofuata watu hurudi na kulipa tena chumba bei ileile ya wizi.

Nilipompigia mama, swali lake lilikuwa moja: akikosea wanamfanya nini? Nikamwambia 2013 mwendesha mashtaka mmoja wa Ohio alimfungulia Phil mashtaka ya mzaha kwa kuwadanganya watu kuhusu baridi.

"Wakamfunga?"

Hapana, mama. Rais wa klabu alijitokeza akabeba lawama, akasema Phil alisema sawa ila yeye ndiye aliyemtafsiri vibaya.