Kanzu iliyochovywa damu: tafakari ya wiki kwa watazamaji wa vipindi vya uhalisia

Masomo: Mwanzo 37:31-33; Kutoka 20:16; Mithali 18:13 na 17

Wapendwa katika Bwana,

Amri ya tisa inasema, "Usimshuhudie jirani yako uongo." Wengi wetu tumeiachia mahakama. Wiki hii tunaileta sebuleni, saa ile kipindi cha uhalisia, yaani reality show ya runinga, kinapoanza na kila mtu ameshika simu. "Yule dada ana roho mbaya." "Yule kaka hampendi, anatafuta kiki tu." "Hiyo kapo ni maigizo." Tukishaandika hivyo tumetoa ushahidi juu ya mtu mwenye jina na wazazi, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Kutazama si dhambi, na kutoa maoni si dhambi. Lakini anayeshuhudia huulizwa kwanza ameona nini, na hapo ndipo mtazamaji anapojikuta hana majibu.

Rudini kwenye Mwanzo 37. Ndugu zake Yusufu walichinja mwana-mbuzi, wakaichovya kanzu katika damu, wakampelekea baba yao. Angalieni kwa makini walichomwambia: hawakusema Yusufu amekufa. Walimwomba tu aitazame kanzu, kama ni ya mwanawe au siyo. Kanzu ilikuwa ya Yusufu kweli, na damu ilikuwa damu kweli. Habari ya mnyama mkali aliitamka Yakobo mwenyewe, na akaiomboleza miaka mingi. Sura mbili mbele, vazi la Yusufu linatumika tena kama ushahidi mikononi mwa mke wa Potifa, na Yusufu anaingia gerezani. Vazi lilikuwa lake safari hii pia. Kilichokosekana mara zote mbili ni yale yaliyotokea kabla na baada, na sauti ya mwenye vazi.

Vipindi hivi hutengenezwa kwa njia inayofanana mno na hiyo, na muumini anayevipenda anapaswa kuzijua hatua zake.

Chukua jumba ambalo kamera zake hurekodi usiku na mchana. Siku moja ina dakika 1,440. Kipindi cha saa moja, ukiondoa matangazo, tuseme kinabaki na dakika 48. Hata kama jumba zima lingekuwa na kamera moja, tungeoneshwa sehemu moja tu kati ya 30. Na kamera ni nyingi, zinarekodi vyumba kadhaa kwa wakati mmoja. Wakiwa washiriki 12, mgawo sawa ungempa kila mmoja dakika 4, na mgawo hauwi sawa hata siku moja. Aliyepika, akaosha vyombo, akakaa na mwenzake aliyekuwa analia, kisha saa tano usiku akapandisha sauti kwa sekunde 40, usishangae zikirushwa hizo sekunde 40 peke yake. Hakuna uongo uliorushwa. Sauti aliipandisha kweli.

Halafu kuna mahojiano ya pembeni, pale mshiriki anapokaa peke yake akiongea na kamera. Huyo haongei peke yake. Karibu na kamera kuna prodyuza anayeuliza, na swali lake hukatwa. Mshiriki huelekezwa alirudie swali ndani ya jibu ili sentensi ijitegemee. Prodyuza akiuliza, "Je, unaweza kusema fulani ni mnafiki?", mtu hujibu, "Siwezi kusema fulani ni mnafiki, ila leo kanishangaza." Maneno "fulani ni mnafiki" sasa yamo kwenye rekodi, kwa sauti yake mwenyewe, yakimsubiri mhariri. Mahojiano hayo yanaweza kufanyika siku kadhaa baada ya tukio, mshiriki akiwa ameambiwa avae nguo zilezile, kwa hiyo hasira unayoiona ni ya mtu aliyeombwa akumbuke hasira.

Zipo dalili unazoweza kuzikagua ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Sentensi ikianza uso ukiwa kwenye picha, kisha picha ikahamia bustanini au kwa mtu mwingine huku sauti ikimalizia, sikiliza kama sauti imebadilika urefu au mwendo katikati. Maneno yanaweza kuwa yameungwa kutoka sehemu mbili. Mtu akioneshwa amekunja uso kwa jambo lililosemwa, tazama kiasi cha kinywaji kwenye glasi yake, nywele zake, kivuli dirishani. Ikiwa glasi ilikuwa nusu na ghafla imejaa, uso ule huenda ni wa saa nyingine na wa jambo jingine. Muziki nao huhukumu kabla yako: ukitaka kujua ni kiasi gani, rudia kipande kilekile bila sauti, ukisoma maandishi tu kama yapo. Dalili hizi hazithibitishi hila, maana wahariri hukata pia ili kufupisha. Zinatosha kumzuia shahidi mwaminifu asiape.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wengi hawalipi uzito linaostahili. Mithali 18:17 inasema, "Ajiteteaye kwanza huonekana kuwa na haki, lakini jirani yake huja na kumchunguza." Katika vipindi hivi jirani huyo mara nyingi amefungwa mdomo. Kama kipindi kinarushwa moja kwa moja, yumo ndani, hana simu wala habari za nje, hajui kwamba nchi nzima inamjadili. Kama kilirekodiwa mapema, yuko nyumbani, anasoma kila neno, na mkataba wa usiri unamkataza kujibu mpaka msimu uishe. Kwa hiyo akinyamaza tusiseme amekiri.

Tuje kwa kapo, maana hapo ndipo ulimi wetu unapokimbia zaidi. Kwa mshiriki mmoja mmoja tunashuhudia tabia; kwa kapo tunashuhudia mioyo. Anampenda. Anamtumia. Ameshamchoka. Samweli, nabii kabisa, alimtazama Eliabu akadhani ndiye atakayepakwa mafuta awe mfalme, na Bwana akamwambia kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo. Sisi tunatoa hukumu ya ndoa nzima kwa sababu mkono mmoja haukushikwa katika picha ya sekunde tatu.

Kipimo chepesi ni kuangalia vitenzi vyako kabla ya kutuma. Alisema, aliondoka, alimkatiza, hakujibu: hivyo ni vya macho, unaweza kuvishuhudia, tena kwa kuongeza "katika sehemu tuliyooneshwa". Anajifanya, ana wivu, anamchezea: hivyo ni vya moyo, na hakuna kamera iliyofika huko. Andika, "Alipoulizwa kuhusu watoto, alibadilisha mazungumzo." Mjadala utaendelea vizuri tu, na pengine utakuwa mtamu zaidi, kwa sababu wengine wataleta walichokiona nao.

Kumbukeni pia kwamba katika msimu uliorekodiwa mapema, kapo mnayoijadili leo imeshafika mahali pengine. Wanaweza kuwa wamefunga ndoa, wameachana, au wako katikati ya kupatana, na hawaruhusiwi kusema. Komenti "mwache huyo, hakufai" chini ya picha ya mke inasomwa kitandani na watu wawili. Na tulikemee bila kuzunguka jambo la mizani miwili: mwanamume akikataa kujishusha huitwa mwenye msimamo, mwanamke akikataa vilevile huitwa mjeuri, mwili wa mwanamume hautajwi, wa mwanamke hupimwa kipande kwa kipande. Mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana, Mithali 11:1, nasi tunaitumia kila wiki.

Je, tukiona uovu wa kweli, mtu anampiga mwenzake, anamtisha, anamlazimisha? Hapo kunyamaza si utauwa. Andika kwa kituo kinachorusha, au kwa mamlaka ya utangazaji, ukitaja tarehe ya kipindi, dakika, na kilichoonekana, bila matusi. Hiyo ndiyo njia inayofika kwa mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya huko, zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinawataka watangazaji wawe na uangalifu unaostahili kwa washiriki wanaoweza kupata madhara makubwa kwa kushiriki. Malalamiko yenye dakika na tarehe huchunguzika; "mtoeni huyo shetani" haichunguziki.

Madhara hayo si ya kufikirika. Hana Kimura, mwanamieleka wa Japani, alikuwa katika kipindi cha Terrace House. Katika kipande kimoja alimkasirikia mwenzake wa nyumbani baada ya vazi lake la mieleka kusinyaa katika kufuliwa. Watazamaji wakammiminia matusi mitandaoni. Alijitoa uhai tarehe 23 Mei 2020, akiwa na miaka 22, na kipindi kikasitishwa. Hatuna haki ya kudai tunajua yote aliyobeba moyoni, na kufanya hivyo kungekuwa kurudia kosa lilelile. Lakini serikali ya Japani iliona sababu ya kubadilisha sheria: adhabu ya kosa la kutukana, ambayo ilikuwa kifungo cha chini ya siku 30 au faini ya chini ya yeni 10,000, tangu Julai 2022 inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yeni 300,000. Waandaaji nao wamejifunza. Love Island ya Uingereza, kipindi cha kutafuta wachumba, kuanzia msimu wa Januari 2023, iliwataka washiriki waache akaunti zao zikae kimya wakati wakiwa ndani, ili ndugu na marafiki wasizichapishie chochote. Zamani ndugu na marafiki ndio waliozishika, na matusi yaliyomlenga mshiriki yaliwafikia wao kwanza.

Hapo pana neno kwa anayesema, "Mimi nimeandika komenti moja tu." Ikiwa watu 500 wameshasema kwamba alikosea, komenti ya 501 haiongezi habari yoyote, inaongeza mzigo. Kutoka 23:2 inaanza hivi: "Usiandamane na mkutano kutenda uovu." Kushea na kubonyeza alama ya kucheka ni kuandamana. Hata kumjibu mtukanaji kwa hasira, ukidhani unamtetea mshiriki, huipandisha posti ile ionwe na wengi zaidi, kwa kuwa mitandao husukuma mbele kinachojibiwa sana. Ukitaka kumtetea, andika posti yako mwenyewe juu ya jema uliloliona, au ripoti tusi lile, uondoke.

Vikundi vyetu vya maombi navyo vichunguzwe. Skrinishoti ya mshiriki akiwa amevaa nusu uchi, na chini yake "wapendwa tumwombee huyu binti", ni umbea uliovaa kanzu. Maombi hayahitaji picha. Mungu anamjua.

Kwa wiki hii tunapendekeza mazoezi machache. Usiandike chochote kipindi kikiwa hewani. Subiri mpaka kipande kinachofuata kirushwe. Sababu ni ya kiufundi kabisa: vipande hukatwa penye mvutano makusudi, na jibu la swali linalokuumiza mara nyingi liko mwanzoni mwa kinachofuata. Matangazo ya "wiki ijayo" yasijengewe hoja yoyote, kwa sababu huweza kuunganisha swali la siku moja na uso wa siku nyingine. "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake," Mithali 18:13. Ukiandika, usimtagi mshiriki, usiandike chini ya picha za watoto wake au wazazi wake, na usimtumie ujumbe wa faragha wa kumkemea. Wewe si mchungaji wake, na hakukupa nafasi hiyo. Kipindi kikiwa na kura, piga kura. Waandaaji wameiweka ili mtazamaji aamue, na unaweza kumtoa mtu mchezoni bila kumtukana.

Na aliyekwisha kuandika? Kufuta ni mwanzo, ila skrinishoti hubaki na waliosoma wameshaamini. Kwa hiyo rekebisha palepale uliposhuhudia, katika ukurasa uleule au kikundi kilekile, kwa maneno mafupi: "Niliandika kwamba fulani alimdanganya mwenzake. Sikuwa na ushahidi zaidi ya kipande kilichohaririwa. Nimeifuta, naomba radhi." Usiongeze "lakini". Usieleze ulivyokuwa umekasirika. Zakayo aliahidi kuwarudishia walewale aliowadhulumu. Ikiwa ulimtagi mshiriki kwenye shutuma, mtagi kwenye marekebisho, mara moja tu, wala usingoje akujibu. Wakija watu kukucheka au kukubishia chini ya posti hiyo, waache waandike. Wewe umeshasema ulichokuwa unadaiwa.